Jinsi ya kutengeneza fomu ya mgonjwa mpya kwa kliniki ya fizio

Kama unafungua kliniki ya fizio hapa Kisumu ama unafanya kazi kwa moja ambayo fomu zake ni fotokopi ya fotokopi, hii nimekuandikia wewe. Nimekaa na hizi fomu miaka kadhaa, nimezibadilisha mara nyingi, na kitu nimeona ni kwamba fomu mbaya haikupotezei tu wakati, inaweza kuumiza mtu. Wacha nianze na mama mmoja.

Alikuja kutoka upande wa Ahero, wa miaka sitini hivi, ni mkulima wa mpunga, kiuno kinamsumbua na maumivu yanashuka mguu wa kulia. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa mahali kwingine na fomu ya hapo ilikuwa kurasa 4, maandishi madogo, maneno ya kitabu. Kulikuwa na swali moja limeandikwa hivi: "Je, una historia ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa neva za pembeni?" halafu visanduku viwili, Ndio na Hapana. Mama akatia tiki Hapana. Sasa mimi nikachukua pakiti ya joto nikaifunga kwa taulo nikaiweka nyuma ya mguu, na baada ya dakika chache nikamuuliza, mama, inachoma? Akaniambia, "Hapana daktari, hapo sisikii kitu." Hiyo sisikii kitu ikanishtua. Nikafunua taulo, ngozi ilikuwa imeshakuwa nyekundu na yeye ametulia tu ananisimulia habari za mpunga. Kumbe ana sukari miaka 9 na miguu imekufa ganzi kitambo. Nikamuuliza mbona kwa karatasi aliandika hana, akanijibu bila hasira yoyote: "Hapo wameuliza vitu vitatu, na mimi nina kimoja."

Alikuwa sawa kabisa. Nilibahatika kutoa ile pakiti mapema, hakuungua, lakini tangu siku hiyo kila swali kwa fomu yangu linauliza kitu kimoja tu, na linauliza kwa maneno ambayo mgonjwa mwenyewe angetumia akiongea na jirani.

Kwa hivyo anza hivi. Kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi uandike maswali yote unafikiri unataka, halafu kwa kila moja jiulize: jibu likiwa ndio, mimi nitafanya nini tofauti leo? Kama huna jibu, toa hilo swali. Dini, kabila, hali ya ndoa, anwani ya posta, hizi zote nilizitoa na hakuna siku nimezikosa. Namba ya kitambulisho ichukue kama kuna mtu wa kulipa anayeihitaji. Ukimaliza hiyo kazi utaona kurasa 4 zimekuwa ukurasa mmoja mbele na nyuma, na hapo ndio unataka ufike, karatasi moja ya A4 ambayo mtu anaweza kuijaza akingoja bila kuchoka.

Sehemu ya juu ni ya haraka. Majina matatu, umri (umri ni rahisi kuliko tarehe ya kuzaliwa kwa wazee wetu, wengi tarehe iliyo kwa kitambulisho ilikadiriwa tu), namba ya simu na jina la mtu wa karibu pamoja na namba yake. Kama unahudumia watu wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF, weka nafasi ya namba ya SHA, na kama bado una fomu za NHIF kwa droo zitupe, SHA ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 na kila siku utakuta mgonjwa anaandika namba ya zamani kwa sababu fomu imemuuliza hiyo ya zamani. Mahali pa anwani mimi naandika "Unashukia stage gani?" na hilo swali limenisaidia kuliko unavyofikiria, kwa sababu mtu wa Kondele naweza kumwambia aje mara tatu kwa wiki lakini mtu anayetoka Muhoroni nikimwambia hivyo nauli itamshinda wiki ya pili na atapotea, huyo inabidi nimfundishe mazoezi mengi ya nyumbani siku ya kwanza na nimpe tarehe ya mbali kidogo.

Weka pia mstari mmoja: "Nani anajaza hii fomu?" Mgonjwa wa stroke mara nyingi anajaziwa na binti yake, mzee anajaziwa na mjukuu, na mwingine anasomewa na dada wa mapokezi. Ukijua ni nani aliandika unajua pia ni majibu gani ya kurudia kuuliza mlango ukishafungwa.

Sasa tuje kwa maumivu yenyewe, na hapa ndio naomba usome polepole. Kiswahili chetu kina shida moja kwa kazi ya fizio: mguu ni kuanzia kwa nyonga mpaka kwa vidole, na mkono ni kuanzia kwa bega mpaka kwa kucha. Ukiandika "Unaumwa wapi?" na kisanduku cha "mguu", umejua nini? Hakuna. Kiuno pia, mmoja akisema kiuno anamaanisha mgongo wa chini, mwingine anamaanisha pembeni kwa nyonga, na neno nyonga lenyewe wengi hawalitumii. Halafu kuna mishipa, ambayo kwa mgonjwa inaweza kuwa neva, ama ukano (kamba inayoshika msuli kwa mfupa), ama mshipa wa damu, ama msuli uliokaza, yote ni "mishipa imejifunga". Hauwezi kumaliza hii shida kwa kuongeza maneno. Imalize kwa picha. Chora mtu, mbele na nyuma, mkubwa wa kutosha kuchukua karibu theluthi moja ya ukurasa, andika upande wa kulia na wa kushoto kwa kila picha maana watu huchanganya wakiona picha ya mbele, na useme: "Paka rangi mahali panauma. Kama maumivu yanatembea, chora mshale yanakoelekea. Kama kuna mahali pamekufa ganzi, weka alama ya X." Peana kalamu nyekundu kama unaweza. Nimeona mzee ambaye hajasoma hata darasa moja akichora mshale kutoka kiunoni, nyuma ya paja, shavu la mguu mpaka kwa kidole gumba, na kabla hajafungua mdomo nikawa nishajua ni neva gani naenda kupima.

Pembeni ya picha weka maneno ya aina ya maumivu ili mtu azungushie: inachoma, inadunga kama sindano, inavuta, inapwita, inauma chini chini, ganzi, kama umeme. Haya ni maneno watu wanayasema tayari. Kama wagonjwa wako wengi wanaongea Dholuo, tengeneza nakala ya Dholuo pia, lakini usimpe mtoto wa shule aitafsiri neno kwa neno, kaa na mama mmoja mzima umuulize yeye angesema vipi. Mtu akiniambia "tienda rama" ninaelewa mguu wake unauma, lakini bado ile picha inanisaidia kujua ni wapi.

Kuhusu ile namba ya 0 mpaka 10 ya kukadiria maumivu. Iweke, lakini usiitegemee peke yake, watu wengi huandika 10 siku ya kwanza kwa sababu wanaogopa ukiona 5 hutawachukulia serious. Nimeona inasaidia kuuliza mara mbili, leo ni ngapi, na siku mbaya zaidi wiki hii ilikuwa ngapi, na kuandika chini yake kwamba 10 ni maumivu ambayo huwezi hata kuongea.

Kitu mimi napenda zaidi ya hiyo namba ni kazi. Kuna kipimo kinaitwa Patient-Specific Functional Scale, kilitolewa mwaka 1995 na Stratford na wenzake kule Kanada, na uzuri wake ni kwamba hakina maswali ya kwao. Unamwambia mgonjwa aandike vitu vitatu ambavyo vimemshinda ama vinampa shida sababu ya hii tatizo, halafu kila kimoja akipe namba, 0 ni siwezi kabisa na 10 ni nafanya kama zamani. Fomu nyingi za kutoka nje zinauliza kuhusu kuendesha gari, kubeba mifuko ya supermarket, kucheza golf, na mama wa Nyalenda anabaki anashangaa aandike nini. Kwa hii anaandika mwenyewe. Nimesoma kwa fomu zangu kubeba mtungi wa lita 20, kuchuchumaa chooni, kufua, kupiga magoti kanisani, kupanda matatu, kukaa nyuma ya boda, kuvuta nyavu, kuanika omena. Mvuvi mmoja wa Dunga aliandika tu kitu kimoja, "kusukuma mtumbwi asubuhi", 1, na hizo zingine mbili akaacha wazi, na sikumlazimisha. Baada ya wiki kadhaa unampa tena akadirie. Tofauti ya namba 2 kwa wastani, ama 3 kwa kitu kimoja, ndio unaanza kuamini kwamba kuna mabadiliko ya kweli na si bahati ya siku hiyo. Weka mifano miwili ama mitatu ya huku kwetu kwa fomu ili mtu aelewe, lakini isizidi hapo, ukiweka kumi wataandika hizo zako.

Sehemu inayofuata ndio inaokoa watu, na haitakiwi kufichwa chini ya ukurasa wa pili. Haya ni maswali ya hatari. Kila moja liwe kwa mstari wake, na visanduku viwe vitatu: Ndio, Hapana, Sijui. Hiyo Sijui usiikose, bila hiyo mtu asiyejua anatia Hapana ili asionekane mjinga.

Ya kwanza kabisa kwa mtu wa mgongo ni mkojo na choo. Usiandike "udhibiti wa kibofu", andika: "Siku hizi unashindwa kuzuia mkojo?" Halafu: "Unashindwa kuzuia choo?" Halafu: "Mkojo unakataa kutoka?" Halafu: "Mahali unakalia, pale panagusa kiti cha boda, pamekufa ganzi?" Nilijaribu maneno mengi kabla ya kufika hapo, sehemu za siri, katikati ya miguu, watu wanaona haya ama hawaelewi, lakini kiti cha boda kila mtu ameshakikalia. Akitia Ndio kwa hata moja ya hayo maswali na ana maumivu ya mgongo, usimguse na mazoezi, huyo neva za chini ya uti wa mgongo zinaweza kuwa zimebanwa na anafaa kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ikipita muda mkojo unaweza usirudi tena. Kwa hivyo fundisha mtu wa mapokezi pia: akiona Ndio hapo, fomu isingoje foleni, ailete kwako mara moja. Mimi nimeweka kivuli cha rangi kwa hayo maswali ili jicho liende hapo lenyewe.

Halafu uliza: umepungua uzito bila kupanga? Unatokwa na jasho jingi usiku mpaka shuka inalowa? Umekohoa wiki 2 ama zaidi? Umewahi kutibiwa TB? Huku kwetu TB bado iko, na TB inaingia kwa mifupa ya uti wa mgongo, inaanza kama maumivu ya mgongo tu ya kawaida, mtu anakandwa na kukandwa mpaka siku moja kibyongo kinaonekana. Uliza kama maumivu yanamwamsha usiku hata akibadilisha vile amelala, kama amewahi kuwa na kansa, kama ameanguka ama kupata ajali karibuni. Kwa boda uliza wazi, peke yake, "Umepata ajali ya boda?" kwa sababu kuna wenye wanafikiria ajali ni mpaka gari ipinduke.

Baada ya hapo ni maswali ya kile wewe utamfanyia, na hapa angalia mashine zako mwenyewe. Kama una TENS ama mashine nyingine ya umeme, uliza kama ana kifaa cha kusaidia moyo kupiga. Kama una mashine ya joto la mawimbi mafupi uliza kuhusu chuma ndani ya mwili, plate na skrubu za kuungia mfupa, na kuhusu mimba, hata kama mimba "labda". Kama unatumia joto ama barafu, uliza sukari, na uliza kama kuna mahali hasikii mtu akimgusa. Dawa za kufanya damu iwe nyepesi uliza pia kabla ya kukanda kwa nguvu. Na tafadhali usisahau sikoseli. Ukanda huu wa ziwa una watu wengi wenye sikoseli, kuna vijana wanakuja na maumivu ya nyonga ama mgongo, na barafu unayomwekea mwingine bila shida inaweza kumwanzishia huyu maumivu makali. Andika presha, sukari, sikoseli, vile watu wanavyosema.

Kuhusu virusi vya UKIMWI, mimi siliweki kwa fomu hilo swali. Najua kuna wenzangu wanaliweka. Lakini hiyo karatasi mtu anaijaza akiwa ameketi kwa benchi na shemeji pembeni, na ukimuuliza hapo unamfundisha kudanganya kuanzia mwanzo. Naandika "Kuna dawa unatumia kila siku?" na Ndio, Hapana, halafu ndani ya chumba tukiwa wawili namuuliza ni zipi, na wengi wananiambia.

Swali lingine ambalo sikuliona kwa fomu yoyote ya kutoka nje: "Kuna mtu ameshakukanda ama kukunyoosha hapo mahali?" Wagonjwa wengi kabla ya kuja kwetu washapitia kwa mama wa mtaa anayekanda ama kwa mzee wa kuunga mifupa. Uliza bila kuwahukumu, ukiandika "mganga wa kienyeji" watasema hapana. Unahitaji kujua, maana kiwiko ama paja lililoumia vibaya likikandwa kwa nguvu siku za mwanzo, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, na kama goti limegoma kukunja hiyo ni habari muhimu sana.

Weka pia swali la nani angependa amhudumie, mwanamume ama mwanamke, na kama angependa mtu wake aingie naye. Kuna kazi inahitaji mtu avue shati ama atoe suruali, na mama akijua mapema kwamba anaweza kuchagua, anatulia.

Ruhusa sasa. Usiweke sahihi moja chini ya kila kitu. Tenganisha. Moja ni kukubali kupimwa na kutibiwa, na iseme wazi kwamba anaweza kusema tuache wakati wowote. Nyingine ni kukubali kliniki iweke habari zake. Ya tatu, kama unapiga picha ama video za mazoezi, iwe peke yake, na anaweza kukataa hiyo na bado atibiwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na wanaotoa huduma za afya wanatakiwa kujisajili na Ofisi ya Kamishna wa Data hata kama ni chumba kimoja na kitanda kimoja. Ule msamaha wa biashara ndogo, zile za mapato chini ya milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10, hautuhusu sisi. Kwa mtoto ni mzazi ama mlezi anayeweka sahihi. Asiyeweza kuandika aweke kidole gumba, na aliyemsomea aandike jina lake pembeni.

Na kama umemaliza hayo yote halafu unapiga picha ya fomu na kuitupa kwa grupu ya WhatsApp ya wafanyakazi, kazi yote imeharibika. Fomu ikae kwa kabati yenye kufuli. Mapokezi wasisome majibu kwa sauti. Kama nafasi ni ndogo na lazima mtu asomewe, msogeze kando hata kama ni kwa korido.

Muonekano ni kitu kidogo lakini kinasumbua. Maandishi yasipungue saizi ya 12, mimi natumia 14 maana wazee wengi huacha miwani nyumbani. Acha nafasi kati ya mistari, mkono unaotetemeka unahitaji kisanduku kikubwa. Tumia karatasi nyeupe na wino mweusi, kwa sababu itapigwa fotokopi mara mia, na ile kivuli ya rangi niliyosema iwe hafifu isije ikatoka nyeusi tii. Fomu ya mtoto itengeneze tofauti kabisa, mtoto mwenye mtindio wa ubongo unahitaji kujua alizaliwa vipi, alilia, alishika shingo lini, alikaa lini, na hayo hayana kazi kwa dereva wa matatu mwenye bega.

Ukishamaliza usiipeleke moja kwa moja kwa printa mia mbili. Piga kopi kumi. Mpe fundi wa viatu wa hapo nje, mpe mama wa chakula, mpe mtu yeyote asiye wa hospitali, ukae karibu na uangalie kalamu. Pale kalamu inasimama, ama inarudi nyuma, ama anageuza karatasi kukuangalia, hapo ndio swali limeharibika, na usimweleze. Muulize "wewe umeelewa vipi?" halafu andika maneno yake. Ile ya kiti cha boda nilipewa na fundi wa viatu.

Kwa kona ya chini andika tarehe ya toleo, na siku unaleta mpya, pita mwenyewe kwa droo za mapokezi, kwa chumba cha mazoezi na chini ya printa, uzitoe za zamani zote, kwa sababu ikibaki hata moja, siku karatasi zimeisha ndiyo itapigwa fotokopi.